Arobaini na Moja kwa Mangapi

Shangazi alirudi ananuka.

Ndivyo walivyoliita gari lao, kwa sababu lilikuwa na umri mkubwa, lililalamika kila kona, na bado watu wote wa nyumba ile walilitegemea. Mke wa dereva alikuwa barazani kwenye cherehani, anashona kola za sare za shule, harufu ilipomfikia kabla hata injini haijazimwa. Haikuwa ya petroli wala ya breki. Ilikuwa kama mafuta yaliyosahauliwa jikoni mpaka sufuria ikaanza kulia.

Dereva aliteremka bila salamu akaenda moja kwa moja kwenye ndoo ya maji. Suruali yake ilikuwa na tope mpaka magotini. Mkewe aliacha kola, akainama ubavuni mwa gari, kisha akalala chali na kujivuta chini yake. Pale katikati, mahali injini inapogawa nguvu kwenda mbele na nyuma, palikuwa na boksi la chuma lenye ukubwa wa kichwa cha ng'ombe. Akaligusa.

"Mama yangu!" Alitoka akipuliza vidole. "Moto kama pasi!"

"Nilikwambia usiguse."

"Hukuniambia."

"Basi nilikuwa njiani kukwambia."

Mama yake dereva, ambaye wote walimwita Bibi, alikuwa ameketi kwenye ngazi akifumua sweta kuukuu apate uzi wa kufumia jingine. Hakuinua macho. "Mwanangu, mwambie mwenzio kilichotokea. Tope la suruali limeshasema nusu."

Akasema. Walikuwa wamefika kona ya pili ya mlima, yeye na muuguzi wa kliniki, na masanduku ya chanjo nyuma. Palikuwa na utelezi. Akavuta loki, kile kishikio kidogo kando ya gia kinachofunga magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke kwa pamoja tope lisiyashinde. Akakata usukani kulia.

"Shangazi akaenda mbele. Nakata kulia, yeye anakwenda mbele, kama mtu anayesukumwa mgongoni. Ukingo ulikuwa hatua mbili. Nikatoa loki, magurudumu yakazunguka bure. Nikarudi kinyumenyume mpaka chini."

"Na Sista?"

"Aliteremka. Akajitwika sanduku moja kichwani, akapanda kwa miguu." Dereva alinawa uso mara ya pili ingawa ulikuwa umeshatakata. "Kabla hajaondoka akaniuliza kama macho yangu yanaona vizuri."

Bibi aliacha kufumua.

"Msimamizi wa kliniki ameniambia Ijumaa ndiyo mwisho. Shangazi asipofika juu Ijumaa, safari za mlimani anapewa mtu mwingine."

Safari zilikuwa mbili kwa juma, Jumanne na Ijumaa. Ndizo zilizolipa kodi ya nyumba na ada za watoto wawili. Cherehani ilileta chumvi, sabuni, na mara mojamoja viatu. Hakuna aliyehitaji kuyasema hayo. Mke wa dereva alitazama vidole vyake vilivyoanza kuwa vyekundu, na kitu kilichomkaa kichwani hakikuwa woga. Kilikuwa swali. Gari limerudi likishuka mlima, mzigo umepungua, njia ya chini ni tambarare. Kwa nini boksi lile liwake moto?

Halafu akaona jambo la pili. Matairi ya mbele, yaliyowekwa mapya mwezi uliopita, yalikuwa yamelika kama ufutio wa mwanafunzi mzembe.

* * *

Jumatano asubuhi walikwenda wote wawili gereji. Fundi aliitwa Profesa, si kwa sababu ya shule, bali kwa sababu hakuweza kukaza nati moja bila kutoa somo. Yeye ndiye aliyebadilisha difu ya nyuma, zile gia zinazozungusha magurudumu ya nyuma, wiki tatu zilizopita, ile ya zamani ilipokatika meno.

Alifungua oili ya boksi la katikati. Ilitoka nyeusi, nyembamba kama chai, na ndani yake mlikuwa na vumbi la chuma linalometa.

"Oili mbovu," alisema Profesa.

"Uliiweka wewe," alisema dereva.

"Niliiweka nzuri. Imeharibikia kwako. Labda unasahau breki ya mkono, ndugu yangu. Umri huo."

Mafundi wawili waliokuwa kwenye lori la jirani wakacheka. Dereva, mwenye miaka ishirini na mitano ya usukani, akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Mkewe alikuwa amechuchumaa karibu na beseni la oili. "Shemeji Profesa, hili boksi kazi yake hasa nini?"

Hapo alikuwa amebonyeza mahali penyewe. Profesa alifuta mikono. "Gari hili, shemeji, si kama mengine. Mengine yanavuta kwa magurudumu mawili, ukitaka manne unachagua. Hili linavuta kwa yote manne, asubuhi mpaka jioni, upende usipende. Sasa, mbele pana difu yake. Nyuma pana difu yake. Na humu katikati mna difu ya tatu. Huyu ni mpatanishi. Ukikata kona, magurudumu ya mbele yanatembea njia ndefu kuliko ya nyuma. Mpatanishi anawaambia, wewe zunguka zaidi, wewe kidogo. Kona ikiisha, naye anapumzika."

"Na ukivuta loki?"

"Ukivuta loki umemfunga mdomo. Mbele na nyuma lazima waende sawasawa."

Mke wa dereva alifikiri. "Na kama mbele na nyuma hawakubaliani hata njia ikiwa imenyooka?"

"Wasikubaliane kwa lipi?"

"Sijui. Ndiyo nauliza. Mpatanishi si atakosa kupumzika?"

"Shemeji!" Profesa alicheka, lakini si sana. "Difu ya mbele ina meno arobaini na moja. Hii ya nyuma niliihesabu kwa kidole hiki hiki pale kwa muuza vipuri, meno arobaini na moja. Kila fundi mjini akitafuta difu anauliza swali moja tu, meno mangapi? Arobaini na moja kwa arobaini na moja. Hawa ni mapacha. Wewe rudi kwenye vifungo vyako, mambo ya chuma tuachie sisi."

Wale wawili wa kwenye lori wakacheka tena. Aliyecheka zaidi alikuwa amevaa ovaroli ambayo mke wa dereva ndiye aliyeitia zipu.

Profesa akaweka oili mpya, akalipwa ya oili, akawapungia mkono. Walipofika nyumbani, mwendo wa dakika kumi, boksi lilikuwa limeshaanza kupata joto.

* * *

Alirudi kwenye vifungo kama alivyoambiwa. Alikanyaga cherehani, gurudumu kubwa la chini likazunguka, mkanda ukavuta gurudumu dogo la juu, sindano ikapanda na kushuka. Alishona kola moja, ya pili. Katika ya tatu mguu wake ukasimama.

"Mama," alimwita mkwewe, "unakumbuka mwaka jana gurudumu dogo la cherehani lilipopasuka?"

"Nakumbuka ulivyonuna."

"Jirani akaniazima la kwake. Likaingia vizuri tu. Lakini cherehani ikawa mvivu. Nakanyaga vilevile, sindano inashuka mara chache."

"Kwa sababu lilikuwa nene kuliko lako. Kwa unene wa kidole."

"Na hili kubwa la chini halikuwa limebadilika."

"Lingebadilikaje? Ni hilo hilo tangu nilipokuwa msichana."

Mke wa dereva alinyanyuka. Alisimama katikati ya baraza kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa nyumba ya pili. Kubwa ni lile lile. Kanyago ni lile lile. Dogo tu ndilo limezidi, na hesabu yote imebadilika. Profesa alikuwa amehesabu meno ya gia kubwa. Lakini gia kubwa haijizungushi yenyewe. Lazima liwepo dogo linaloizungusha.

"Baba watoto!" aliita. "Njoo na chaki."

Dereva alitoka akiwa na mswaki mdomoni, mswaki wa mtu aliyelala mchana kwa huzuni. Alimsikiliza. Mwanzoni alitikisa kichwa, kisha akaacha kukitikisa. Alijua vyuma viwili virefu vinavyotoka kwenye lile boksi, kimoja kwenda mbele na kimoja kwenda nyuma. Mafundi huviita propela.

"Unataka kuhesabu propela zinavyozunguka? Nani alale chini ya gari linalotembea?"

"Hakuna atakayelala. Mama, nipe uzi. Mwekundu na mweupe."

"Sweta la mjukuu wangu?"

"Nitaurudisha."

Alifunga uzi mwekundu kwenye propela ya mbele, mweupe kwenye ya nyuma, yote karibu na boksi pale vyuma viwili vinapokaribiana, akatoka na donge moja kila mkono. Kila propela ikizunguka ingejivingirishia uzi, mzingo kwa mzingo, kama bobini ya cherehani inavyojaa uzi. Dereva alipiga mstari wa chaki kwenye tairi. Bibi akapewa kazi ya kuhesabu mstari huo kila ukigusa ardhi.

"Nihesabu mpaka ngapi?"

"Kumi, mama. Ikifika kumi upige kelele."

"Kelele sijawahi kukosa."

Basi mtaa mzima uliona ajabu ile saa kumi za jioni. Dereva kwenye usukani, gari linatambaa polepole kuliko kobe, kichwa kimetoka dirishani. Mkewe anatembea ubavuni, nyuzi mbili zinamtoka mikononi na kuingia chini ya gari. Nyuma yao mwanamke wa miaka sabini, fimbo mkononi, anapaza sauti, "Tatu! Nne! Nenda taratibu wewe, tano!"

"Mnalipeleka malishoni?" aliuliza muuza mkaa.

"Tunalipima nguo," alijibu Bibi. "Sita!"

Kwenye kumi alipiga kelele mpaka watoto waliokuwa wakitoka shule wakasimama. Injini ikazimwa. Mke wa dereva alijivuta chini, akaanza kufungua uzi mwekundu, mzingo kwa mzingo, akihesabu kwa sauti ndogo. Alipofika mwisho alitaja tu: "Arobaini na moja."

"Ndivyo hasa alivyosema Profesa," alisema dereva, na moyo wake ukaanguka kidogo.

Akafungua mweupe. Alichukua muda mrefu. Alipotoka alikuwa na vumbi kwenye nyusi.

"Thelathini na saba. Na kidogo, kama robo."

"Umeruka."

"Hesabu mwenyewe basi."

Walirudia upya. Safari hii dereva aliingia chini yeye, suruali safi na yote. Arobaini na moja. Thelathini na saba na kidogo. Alibaki amelala pale chini akitazama propela ya nyuma, uzi mweupe umemwangukia kifuani.

"Mama watoto," alisema kutoka huko huko. "Barabara imenyooka, magurudumu yamezunguka sawa, lakini huyu wa nyuma propela yake imezunguka pungufu. Mpatanishi hajapumzika hata dakika moja kwa wiki tatu."

"Na ukivuta loki, propela zinalazimishwa kwenda sawa. Kwa hiyo magurudumu ya nyuma..."

"...yanakimbia kuliko ya mbele. Yananisukuma, na matairi ya mbele yanaburuzwa mpaka yanalika." Alitoka taratibu. "Nilikuwa nasukumwa mgongoni kweli."

Bibi alikuwa anakunja uzi wake. "Mpatanishi siku zote ndiye anayeungua," alisema. Kisha akamtazama mkaza mwanawe, aliyekuwa bado amefunga vidole viwili kwa kitambaa, akakumbuka ugomvi kadhaa wa nyumba ile na ni nani aliyekuwa akisimama katikati. Akakohoa. "Nani anataka chai?"

* * *

Profesa hakuamini nyuzi. Alhamisi asubuhi aliwaambia kwamba uzi huvutika, kwamba chuma ni chuma na sweta ni sweta. Lakini dereva alikuwa ameshapandisha gari kwenye jeki mwenyewe, na hakuna fundi anayekubali mteja afungue difu mbele yake. Saa tatu kichwa cha difu ya nyuma kilikuwa mezani, kimeoshwa kwa petroli.

"Krauni," alisema Profesa, akipitisha kidole kwenye gia kubwa, meno arobaini na moja. "Nilisema."

"Na hicho kidogo?" aliuliza mke wa dereva.

"Pinioni. Hii huwa kumi." Alianza kuhesabu bila haraka. Alifika mwisho, akarudi mwanzo. Alihesabu mara ya tatu akiweka alama ya chaki kwenye kila jino. Wale wawili wa kwenye lori walikuwa wamekaribia.

"Kumi na moja," alisema mwishowe.

Hakuna aliyecheka. Waliitoa ya mbele pia, ikawa arobaini na moja kwa kumi. Jino moja, dogo kama jino la mtoto. Profesa aliketi juu ya tairi.

"Siku ile pinioni ilikuwa imejaa grisi," alisema. "Na sisi hatuulizi. Tangu nianze kazi hii tunauliza, meno mangapi? Mtu anakutajia ya krauni, mnamaliza." Alisugua paji la uso, akajipaka grisi. "Ndugu yangu, nisamehe. Yale ya breki ya mkono."

Dereva alisema si kitu, kwa sauti ya mtu ambaye kwake kilikuwa kitu.

Walikwenda watatu kwa muuza vipuri. Alikuwa mtu mwembamba aliyekaa kwenye kiti kirefu mbele ya mlima wa vyuma vilivyotolewa kwenye magari yaliyokufa. Alisikiliza hadithi yote akitafuna njiti.

"Mliomba arobaini na moja. Nimewapa hamsini? Nimewapa thelathini? Biashara ni maneno, mabwana. Ya kumi sina. Nikiagiza, ni mwezi." Akataja na bei, nayo ilikuwa sawa na malipo ya safari zote za mwezi huo. Halafu akamgeukia mke wa dereva, aliyekuwa amesimama nyuma ya wanaume. "Na wewe dada unatafuta nini? Huku hatuuzi mapazia."

Profesa alitazama chini. Dereva alifungua mdomo, lakini mkewe alitangulia, na sauti yake ilikuwa ndogo mpaka muuzaji akalazimika kuinama.

"Nauliza tu. Hiyo difu ya nyuma, ilitoka kwenye gari lililokuwa zima?"

"Zima kabisa. Liligongwa ubavuni."

"Na lilikuwa linakwenda? Halikuwa linaungua katikati?"

"Lilikuwa linakwenda kama risasi. Kwa nini?"

"Basi ya mbele yake nayo ilikuwa kwa kumi na moja. Iko wapi?"

Njiti ikasimama mdomoni. Profesa aliinua kichwa. Tangu asubuhi walikuwa wanafikiria namna ya kumpata pacha wa ile ya mbele, na hakuna aliyefikiria kwamba hii ya nyuma nayo ilikuwa na pacha wake.

Ilikuwa langoni. Muuzaji alikuwa akiitumia kuzuia geti lisipigwe na upepo, kwa kuwa miezi sita hakuna aliyeiulizia. Profesa alipiga magoti vumbini, akakwangua grisi kwa bisibisi, akahesabu kwa sauti kila mtu asikie. Arobaini na moja kwa kumi na moja.

Muuzaji, alipoona wanavyoihitaji, akakumbuka kwamba ni mali. Alikubali kuchukua ya kwao ya mbele, ile ya kumi, lakini alitaka na nyongeza. Dereva akageuza mifuko yake nje, mfuko mmoja mmoja. Mke wa dereva alikuwa akitazama juu. Turubai la kivuli pale juu ya kiti kirefu lilikuwa limechanika kutoka pembe hadi pembe, na jua lilikuwa linampiga muuzaji shingoni.

"Nitakushonea hilo," alisema. "Jumapili. Kushona mara mbili, uzi wa nailoni."

"Na mapazia ya ofisi."

"Nilidhani huku hamuuzi mapazia."

Profesa alicheka kwanza. Muuzaji akajikuna shingo, kisha naye.

* * *

Usiku mvua ilinyesha, na Ijumaa mlima uliwasubiri umelowa. Profesa alikuwa ameshaonya: kwa kumi na moja gari litakuwa zito kidogo kwenye mwinuko, dereva atumie gia ndogo. Tena difu ya katikati imeumia, italia siku zote, lakini itaishi.

Ililia. Kulia kwembamba, kama mbu aliyefungiwa chumbani. Sista alipanda, akaweka masanduku mawili mapajani badala ya nyuma, tayari kuteremka. Kwenye kona ya kwanza akafunga macho. Kwenye ya pili dereva alisimama kabisa. Tope lilikuwa lile lile, na alama za matairi yake ya Jumanne zilikuwa bado zinaonekana, zimejaa maji, zimenyooka kuelekea ukingoni.

Alivuta loki. Akakata kulia.

Shangazi alifikiri kidogo. Halafu akakata kulia.

Sista alifumbua macho walipokuwa wamepita jiwe la juu. Alitazama nyuma, akamtazama dereva, akaanza kusema kitu, akabadili. "Hii kelele ya mbu ni ya nini?"

"Ni mpatanishi," alisema dereva. "Anasimulia yaliyompata."

* * *

Alirudi saa tisa. Msimamizi alikuwa ameandika jina lake kwenye ratiba ya mwezi ujao bila kumtazama usoni, lakini ameandika. Aliegesha mbele ya baraza, akazima injini, akabaki ameketi ndani.

Mkewe aliacha cherehani. Alikuwa amevaa gauni lake zuri kwa sababu alikuwa anakwenda kupeleka sare shuleni, na Bibi akaanza kusema, "Wewe, gauni..." lakini alikuwa ameshalala chali na kujivuta chini.

Dereva aliinama dirishani. Aliona miguu tu, na kiatu kimoja kimemtoka.

"Vipi?"

Mkewe alikuwa ameweka kiganja kizima juu ya boksi, pamoja na vile vidole viwili vilivyobabuka. Alikiacha hapo. Alihesabu kimoyomoyo mpaka kumi, akaendelea mpaka arobaini na moja, hakuna aliyejua kwa nini anakawia.

"Mama watoto! Vipi huko?"

"Vuguvugu," ilitoka sauti chini ya gari.

"Vuguvugu kama nini?"

"Kama maji ya kumwogeshea mtoto."